Migomba Iliyoanguka Bila Kusukumwa

Miaka ile ya wakimbizi, kazi yangu ya kwanza asubuhi ilikuwa kwenda kuangalia mgomba upi umelala chini. Hata uso sikunawa kwanza. Nilipita katikati ya shamba la mama mkwe wangu, Scholastika, hapa Kanazi. Nikikuta mgomba umeanguka, nilirudi kumwambia. Naye aliuliza swali moja tu.

"Mkungu umekomaa?"

"Bado, mama. Ndizi ni nyembamba kama vidole."

Tulizipika hivyo hivyo. Zilikuwa na utomvu mwingi na hazikushibisha.

Dawa tuliyoijua ilikuwa nguzo. Kila mgomba wenye mkungu tuliuegemeza kwa nguzo mbili. Lakini vilima vya karibu vilikuwa vimebaki vipara. Wakimbizi wa kambi ya jirani walipikia kuni, nasi tulipikia kuni, na miti ilikuwa ile ile. Mume wangu Evaristi na mimi tulitembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi kutafuta nguzo. Tukifika na nguzo sita, tunakuta migomba saba imeinama.

Jioni moja Evaristi alikaa mlangoni, akashindwa hata kuvua viatu.

"Nimechoka kubeba miti ya kushikilia miti," alisema.

"Hii migomba haianguki yenyewe," mama mkwe akajibu. "Inasukumwa."

"Na nani, mama?"

"Nyirabahizi. Mgomba ukianguka, nani anapewa zile ndizi changa? Si yeye?"

Nyirabahizi alikuwa mama mkimbizi aliyekuja kutulimia. Tulimlipa ndizi, na kweli, tulimpa zile za migomba iliyoanguka. Nilitumwa mimi kumwambia asije tena. Alinisikiliza huku jembe liko begani.

"Mimi nisukume mgomba?" aliuliza. "Dada, nguvu hiyo ningeitoa wapi?"

Akaenda zake. Migomba ikaendelea kuanguka.

Tulibakiwa na kipande kimoja cha ardhi, mlimani upande wa juu wa nyumba. Tulikuwa tukipanda maharage pale, migomba haikuwahi kupandwa. Mama mkwe akaamua tuanzishe shamba jipya huko. Tukikosea hapo, hatukuwa na pengine pa kwenda.

Katika ukoo wao, chipukizi la mgomba halivuliwi udongo. Linang'olewa na mizizi yake na bonge la udongo wake. Linafungwa kwa majani makavu ya mgomba, linabebwa kichwani polepole kama mtoto mgonjwa. Wanasema likivuliwa udongo halijui tena kwao.

Tulikuwa tukifunga machipukizi hayo alipofika mwanamke mmoja amebeba sanduku jeupe la barafu.

"Hodi hapa!"

"Karibu," alisema mama mkwe. "Lakini lambalamba hatununui."

Mgeni akacheka. "Shikamoo mama. Siuzi lambalamba. Naitwa Tecla. Mimi ni mtafiti wa mimea, nachunguza mizizi ya migomba. Mwenyekiti wa kijiji ameniambia yenu inaanguka."

"Marahaba. Umesoma miaka mingapi ili uangalie mizizi?"

"Kumi na tisa, mama."

"Na hiyo mizizi haijaisha tu?"

"Haijaisha."

Tecla alipiga magoti kwenye mgomba ulioanguka siku ile. Akakata mzizi, akaupasua kwa urefu kwa kisu.

"Dada, njoo uone. Ndani kuna rangi gani?"

"Nyekundu," nilisema. "Na hapa nyeusi."

"Mzizi wenye afya ni mweupe ndani. Sasa nitafutie mizizi mirefu. Ni mingapi?"

Nilifukua kwa vidole. Nilipata minne. Mingine ilikuwa vipande vilivyooza.

"Kuna minyoo humu," alisema Tecla. "Ni midogo mno, macho hayaioni. Inaingia ndani ya mzizi na kuula. Mgomba unabaki kama mtu asiye na miguu. Mkungu ukiwa mzito, unalala."

"Kwa hiyo hausukumwi?" aliuliza mama mkwe.

"Mgomba huu ungeangushwa hata na kuku, mama."

Mama mkwe alinitazama. Kisha akatazama upande wa njia ya kambini.

Tecla alikata ncha za mizizi michache iliyokuwa bado mizima. Akazitia kwenye vichupa, akavifunika kwa barafu. Nikamwuliza anazipeleka wapi.

"Maabara. Mzizi unakulia hapa nchani. Kuna chembe ndogo sana, moja inagawanyika inakuwa mbili. Ndani ya kila chembe kuna maagizo: refuka, toa tawi. Kuna migomba ambayo ikiliwa na minyoo inatoa mizizi mipya haraka. Mingine inashindwa. Natafuta maagizo yake yanatofautiana wapi."

"Umeshapata?"

"Bado. Huu mwaka wa nne. Mara ya mwisho gari liliharibika njiani, Nyakanazi, barafu ikayeyuka, vichupa vyote nikavitupa."

Alisema hivyo akifuta kisu kwenye sketi yake. Niliona macho yake. Alikuwa amechoka kama sisi.

"Lakini hili la minyoo halisubiri utafiti wangu," alisema. "Dawa yake inajulikana. Hayo machipukizi yanakwenda wapi?"

"Shamba jipya," nilijibu.

"Na udongo wake?"

"Ndio wa kwao huo," alisema mama mkwe kwa ukali. "Hauvuliwi."

"Mama, minyoo imo kwenye udongo huo na kwenye mizizi hiyo. Mnaibeba kichwani, mnaihamishia nyumba mpya."

Tecla alichukua chipukizi moja. Alikata mizizi yote. Akalimenya tunguu, yaani lile shina nene la chini, kama mtu anayemenya kiazi. Palipokuwa na doa jeusi alikata zaidi, mpaka pakawa peupe kabisa. Chipukizi la pili lilikuwa na madoa hadi katikati. Hilo alilitupa.

"Maganda yasibaki shambani. Yaanikeni juani mbali. Kisha chemsheni maji. Tunguu liingie kwenye maji yanayochemka, mhesabu polepole hadi thelathini, mlitoe."

"Kuni za kuchemshia ziko wapi?" aliuliza Evaristi.

"Sufuria moja inatosha machipukizi mengi. Mkikosa kabisa, menyeni vizuri. Kumenya peke yake kunasaidia sana. Mpande kesho, msichelewe, na mtie samadi kila shimo."

Mama mkwe aliligeuza lile tunguu jeupe mkononi. "Umeliua. Litaota na nini?"

"Litatoa mizizi mipya, mama. Misafi."

"Basi kwenye kipande cha juu pandeni hayo yaliyomenywa. Mimi napanda ya kwangu na udongo wake."

"Sawa. Lakini yako yawe upande wa chini wa nyumba, maji ya mvua yasishuke kutoka kwako kuja huku."

Tulimenya mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mama mkwe alipanda yake manne chini ya nyumba, akayafunika kama alivyofundishwa na mama yake. Wiki za kwanza yake yalionekana mazuri zaidi. Ya juu yalikaa kimya. Mama mkwe alipita akisema, "Makaburi yenu hayo." Wiki ya tano majani yakafunguka.

Mwaka wa pili mikungu ilikuwa mikubwa. Alasiri moja upepo wa mvua ukaja ghafla. Evaristi na mimi tulinyakua nguzo, tukakimbia juu kwa mazoea. Tulisimama pale, nguzo mikononi. Migomba iliyumba na kurudi, iliyumba na kurudi. Hakuna uliolala.

"Tufanye nini sasa?" aliuliza Evaristi.

"Tukae," nilisema.

Tukakaa chini, kwenye mvua. Sikumbuki lini mara ya mwisho tulikuwa tumekaa mchana.

Mama mkwe alikuja kutoka chini ya nyumba, amelowa. Mitatu kati ya migomba yake minne ilikuwa imeanguka. Alikuwa ameshika mzizi mmoja ameupasua mwenyewe. Ndani ulikuwa mwekundu na mweusi.

Alitazama shamba la juu. Halafu akatazama nguzo.

"Secilia."

"Abee, mama."

"Hizo nguzo hazina kazi tena. Kesho zifungeni mzigo. Kateni na mkungu mmoja, uliokomaa." Akafuta maji usoni. "Nyirabahizi ana jiko lisilo na kuni. Safari hii hutumwi wewe. Nitampelekea mwenyewe."