Mstari Uliolala

Mchuzi wa nyama ndani ya chupa ulikuwa umekwisha, lakini vijidudu vilikuwa bado vinaongezeka. Hawa, mpimaji wa maji katika maabara moja ya Kolwezi, alivitoa kwenye kisima cha Musonoi. Hesabu yake aliijua: kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne, mstari wa grafu hupanda, na chakula kikipungua, mstari hulala. Huu haukulala. Ulipanda mpaka ukatoka nje ya karatasi kwa juu.

"Tata Direktere, chakula imeisha. Hii bitu binakula nini?"

Mkuu wake, Kisimba, alinyoosha kola ya abakosti, suti yake ya kiserikali. "Sitwayeni Hawa, karatasi ya Serikali inaishia hapa. Lalisha ile mustari."

Akaulalisha. Kisimba akagonga mhuri. Kilichonyimwa nafasi kwenye karatasi kikaitafuta kwingine.

Jioni ile, nyumbani kwa Hawa, pumzi ilisikika ukutani, nyuma ya kitanda cha Kadija, bintiye. Moja. Kesho yake mbili, zikipokezana. Halafu nne. Halafu hazikuhesabika tena, ukuta mzima ukivuta na kutoa hewa yenye harufu ya mchuzi uliochacha, na kadiri ulivyovuta ndivyo Kadija alivyokonda, mashavu yakibonyea kana kwamba ananyonywa kwa ndani, hata Hawa, aliyezoea kuwacheka wenye kuogopa majini, akaelewa bila kushika kalamu ni chakula gani kilichokuwa kinapungua.

"Mama," mtoto alinong'ona, "bananiita. Banasema beko bengi, mi niko moja tu."

Hawa akaomba ruhusa kazini. Kisimba aliitoa, akaandika sababu: kufukuza majini yasiyokuwepo.

Tata Musafiri, fundi wa majini, alifukiza ubani, akasoma mpaka sauti ikamkauka. Kisha akachanganya maziwa, asali na mayai mabichi katika bakuli, akaliweka chini ya ukuta, halafu akampa Kadija anywe mabaki.

"Bamekula bakuli moja, bamepatana," alisema.

Pumzi za ukutani zikakatika zote kwa pamoja.

"Unasikia, mama? Kimya! Bameenda," fundi alimwambia Hawa.

Kadija akasinzia, mashavu yakianza kujaa. Fundi akacheka. Hawa hakucheka. Maabarani, vijidudu vikitiwa katika chakula kipya haviongezeki papo hapo. Hutulia kwanza, vikizoea. Mstari hulala mwanzoni pia.

Akainama, akaweka sikio kwenye kifua cha mwanawe. Pumzi moja, ya utulivu.

Akasubiri.

Mbili, zikipokezana.