Ncha ya Kidole cha Chiriku

Kila asubuhi fundi wa milango alifungua karakana yake kabla chai haijapoa. Karakana ilikuwa mbele ya nyumba yake. Alikata vyuma, akachomelea, akapaka rangi ya kuzuia kutu. Watu waliisifu milango yake. Lakini kinyozi hajinyoi. Mlango wa nyumba yake mwenyewe ulikuwa mzito, tena haukuwa na mpira wa kuuzuia usijibamize.

"Baba Chiriku, ule mpira utauweka lini?" mkewe alimuuliza mara nyingi.

"Nikimaliza kazi za wateja," naye alijibu vilevile kila mara.

Chiriku alikuwa binti yao wa miaka minne. Walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukupumzika.

Siku moja, saa nne asubuhi, upepo ulivuma ghafla. Mlango ukajibamiza. Chiriku alikuwa ameshika fremu. Kwanza alikaa kimya. Kimya hicho kilimtisha baba yake kuliko kitu chochote. Kisha mtoto akapiga ukelele.

Ncha ya kidole chake cha kati ilikuwa imekatika. Damu ilitiririka mpaka kwenye kiwiko. Bibi, mama yake fundi, alikimbia kutoka jikoni na majivu mkononi.

"Weka haya, damu ikauke!"

"Hapana, mama!" mkewe fundi akasema. "Maji kwanza."

Alikiosha kidole kwa maji safi ya bomba. Alikibana kwa kitambaa safi, akauinua mkono wa mtoto juu. Fundi alikiokota kipande kilichokatika. Alikifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, akakitia ndani ya mfuko wa plastiki. Wakaenda zahanati mbio.

Daktari alikitazama kidole kwa makini. Mfupa haukuonekana. Kipande chenyewe kilikuwa kidogo kama punje ya harage, tena kimepondeka.

"Hiki hatutakishona," alisema.

"Hukishoni?" Fundi aliusogeza ule mfuko mbele ya daktari. "Ina maana mwanangu atabaki na kidole kibutu?"

"Sikusema hivyo. Tutamchoma sindano ya pepopunda, tukisafishe kidole, tukifunike. Halafu tungoje."

Muuguzi, ambaye wote walimwita Sista, alikivika kidole plasta laini isiyopitisha maji. "Msiifungue," alisema. "Mrudisheni baada ya siku saba."

Kesho yake fundi aliweka mpira kwenye mlango wake. Alipomaliza aliufunga na kuufungua mlango mara kumi, kama anayetafuta wa kumlaumu.

Siku zikapita taratibu. Siku ya tano, chini ya plasta palijaa maji ya rangi ya kahawia. Siku ya sita, harufu ikaanza. Ilikuwa harufu mbaya. Ilimfuata Chiriku hadi kitandani na mezani.

"Kinaoza," bibi alisema kwa sauti ya chini. "Mwanangu, kidonda hupigwa upepo kikauke. Hicho mmekifungia kama samaki ndani ya mfuko."

"Sista alisema tusifungue," mkewe fundi alisema. Lakini hata sauti yake ilikuwa na wasiwasi. Baadaye aliondoka kwenda kufua nguo za watu, kazi yake ya kila siku.

Fundi alizunguka karakana bila kushika chombo. Itakuwaje kidole kikioza chote? Itakuwaje sumu ikipanda mkono mzima? Mwishowe aliingia ndani.

"Mama, kifungue," alisema.

Bibi alichukua mkasi. Alikuwa pia na kidonge cha rangi mbili, amekipasua ili amwage unga wake kwenye kidonda. Alikata ukingo wa plasta. Maji ya kahawia yakamwagika. Ndani palionekana nyama nyekundu, mbichi. Chiriku alipiga kelele, akauvuta mkono. Unga wote ukamwagika mkekani.

Fundi hakungoja zaidi. Alimbeba mtoto, bibi akafuata nyuma akihema, wakarudi zahanati.

Sista aliiona plasta iliyokatwa. "Nani amefungua?"

Bibi aliinamisha kichwa.

"Ni mimi," fundi akasema. "Kilinuka. Niliogopa. Tulitaka kutia unga wa kidonge, ukamwagika mkekani."

Sista hakugomba. Alimpima mtoto homa. Alitazama kiganja, akabonyeza pembeni ya kidole taratibu. Fundi aliukodolea macho uso wake, akitafuta dalili yoyote. Dakika zile zilikuwa ndefu kuliko wiki nzima.

"Hakijaoza," Sista alisema mwishowe. "Mna bahati, na ule unga haukuingia."

"Na harufu je?" bibi aliuliza. "Pua yangu haijazeeka, mwanangu."

"Pua yako iko sawa, bibi. Kidonda kilichofunikwa hivi hunuka, na hutoa maji. Ni kosa letu, tungewaambia mapema. Harufu peke yake si kuoza. Ogopeni homa. Ogopeni uvimbe na joto vinavyopanda kiganjani, usaha, au maumivu yanayozidi. Mkiona hata kimoja, njooni papo hapo."

"Lakini kidonda si hupaswa kukauka?"

Sista alivuta kiti. "Mwili umejengwa kwa seli, bibi. Ni vitu hai vidogo mno, macho hayavioni. Kidole kinapokatika, seli za pembeni husogea kuja kuziba pengo. Husogea kwenye unyevu. Ukikausha, zinakufa njiani."

"Nani anaziambia zije?"

"Zinaambiana zenyewe. Kila seli hutoa kemikali, jirani yake huipokea kama ujumbe. Hata tumboni ni hivyo. Mkono wa mtoto ukianza, hauna vidole. Ni kama mwiko mdogo. Seli hupelekeana habari: nyie oteni hapa, nyie komeni pale. Zilizo katikati ya vidole huambiwa zife, ndipo vidole hutengana. Zisipopata ujumbe huo, mtoto huzaliwa na vidole vilivyoshikana."

Fundi alikitazama kiganja cha binti yake kana kwamba hajawahi kukiona.

"Sasa, chini ya shina la kucha, pale inapochipukia, kuna seli ambazo bado zinaweza kutuma ujumbe wa namna hiyo," Sista aliendelea. "Shina la kucha la Chiriku limebaki. Kwa hiyo ncha inaweza kuota tena, nyama na kucha."

"Basi na meno yangu yatumiwe ujumbe!" bibi alisema.

Sista alicheka. "Meno hapana, bibi. Wala kidole kizima hakioti. Ni ncha tu, na watoto hupona vizuri kuliko sisi. Tena siwaahidi. Wataalamu bado wanachunguza. Kazi yetu ni kuzipa seli mahali pazuri pa kufanyia kazi."

Alikifunika kidole upya. Safari hii hakuna aliyekigusa. Kila wiki walimpeleka Chiriku kubadilishiwa plasta. Harufu ilirudi, na hofu ikarudi nayo. Fundi alipima joto la kiganja kwa shavu lake asubuhi na jioni. Mkewe alichunguza uvimbe. Bibi ndiye aliyewafukuza majirani waliokuja na dawa zao. "Tuacheni," aliwaambia. "Humo ndani kuna kazi inaendelea."

Wiki ya tatu nyama ilikuwa imejaa kidogo. Wiki ya tano ngozi nyembamba ilianza kuifunika. Fundi bado hakuthubutu kufurahi.

Wiki ya nane Sista alitoa plasta, asiweke nyingine. Kidole kilikuwa kifupi kidogo kuliko mwenzake wa mkono wa pili, lakini kilikuwa na ncha ya mviringo, laini. Kucha nyembamba ilikuwa imechomoza, bado haijafika mwisho.

Miezi michache baadaye, Chiriku alikuwa amekaa mapajani mwa baba yake, akizungumza bila kituo kama kawaida yake. Katikati ya maneno alinyoosha kile kidole, akaipitisha kucha yake kwenye shavu la baba.

"Baba, imekwaruza?"

Fundi aligusa shavu. Palikuwa na mstari mwembamba unaowasha.

"Imekwaruza," alisema. "Kwaruza tena."