Mzigo wa Kuchomwa

Ijumaa, saa nne asubuhi.

Chumba cha nyuma ya duka la mshonaji, mtaa wa Ng'ambo. Dirisha limefungwa. Harufu ya asetoni inakwangua koo.

"Mchongo ni mwepesi," Adinani alisema. "Lori linatoka saa saba, watu wakiwa msikitini. Limebeba dawa zilizokwisha muda na zile ambazo wakaguzi wamezikamata madukani. Zinakwenda kuchomwa kwenye tanuri, mbele ya Kwihara. Dereva mmoja. Hakuna askari."

"Mbona hawalindi?" Ngollo aliuliza, akifuta panga kwenye suruali.

"Nani aibe takataka?"

Wakacheka. Fikiri hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa dereva wa genge. Alikwishaendesha tumbaku ya wizi, dizeli ya wizi, hata ng'ombe wa watu. Kubeba dawa ilikuwa mara yake ya kwanza. Alimtazama Levina aliyekaa sakafuni, anafuta tarehe kwenye vijisanduku vya dawa kwa pamba na asetoni, kisha anagonga mhuri wa tarehe mpya. Ametulia kama mtu anayemenya viazi.

Duka lao lilikuwa ndani ya simu. Tiba Mlangoni. Picha ya daktari mwenye koti jeupe, na namba ya kibali waliyoiba kwa mfamasia mmoja wa Nzega aliyekwisha kufariki. Watu waliagiza, wakalipa, basi likapeleka. Hakuna aliyedaiwa cheti cha daktari. Hakuna aliyejua dawa zililala wapi.

"Oda zimejaa," Adinani alisema. "Leo tusikose."

Saa saba na nusu mchana.

Levina alisimama katikati ya njia ya vumbi, mto umefungwa tumboni chini ya kitenge, analia kwa uchungu. Lori likafunga breki. Dereva, mzee mwenye mvi, akashuka mbio.

"Pole, mwanangu. Panda nikurudishe mjini."

Alikuwa ameshamshika Levina mkono, Ngollo alipochomoka kichakani na nondo. Pigo moja la kisogoni. Mzee akalala kifudifudi. Levina akachomoa mto, akautupa.

"Yuko hai?" Fikiri aliuliza.

"Endesha!"

Kiti bado kilikuwa na joto la yule mzee. Fikiri alihisi amekalia kitu kilichooza.

Saa kumi jioni.

Bani la kukaushia tumbaku, nje kidogo ya Urambo. Ndani joto la kupasua kichwa. Waliposhusha mzigo, boksi moja likapasuka: dawa ya maji ya watoto. Vizibo vimevimba, chini kumeganda kitu cheusi, harufu ya tui lililochacha. Fikiri alitoka nje akatema mate. Akatema tena.

"Hizi si zinatakiwa kukaa kwenye ubaridi?" aliuliza aliporudi.

"Mteja haoni joto," Adinani alisema. "Anaona boksi."

Simu ya duka ikalia. Ujumbe wa sauti. Adinani akaufungua kwa sauti kubwa.

"Shikamoo, daktari. Ni mimi, mama Kabula wa Igunga. Ile dawa ya homa mliyonitumia nimempa mtoto, joto halishuki. Sasa hanyonyi, macho yamegeuka. Nimwongezee, au nimpeleke hospitali?"

Adinani akabonyeza, akalainisha sauti. "Marahaba, mama. Hospitali ya nini? Mwongezee. Nyingine inakuja na basi."

"Adi," Fikiri alisema. "Mwambie aende hospitali."

"Akienda wataiona chupa."

"Mtoto anakufa."

"Akifia nyumbani, chupa inatupwa. Akifia hospitali, chupa inaongea. Shusha mzigo."

Pamba ikasimama mkononi mwa Levina, aliyekuwa sakafuni anafuta tarehe. Kisha ikaendelea.

Fikiri alimrukia Adinani, akampokonya simu, akatoka mbio. Ufunguo wa lori aliutupa vichakani. Akabonyeza. "Mama, usimpe! Huyu si daktari, sisi ni wezi! Mpeleke hospitali sasa hivi, na hiyo chupa uibebe!"

Kidole kilipoachia, panga la Ngollo likashuka begani. Akaanguka juu ya simu, akaikumbatia.

"Wezi!" alipiga yowe. "Njooni! Wezi!"

Wakulima wakatoka kwenye mabani ya jirani na majembe. Ngollo alitokomea msituni. Adinani alifika kwenye lori, akapapasa ufunguo, hakuuona. Wakamshusha kwa kola. Levina hakukimbia. Alikutwa palepale sakafuni.

Wakulima wakawapigia simu polisi, waliokuwa tayari wanalisaka lori; walifika jua likielekea kuzama. Mbele kwenye gari lao alikaa yule mzee, kichwa kimefungwa kitambaa chenye damu. Alimtazama Fikiri, kisha akageuza uso.

"Msiache mtu achukue hata chupa moja," Fikiri alimwambia askari aliyemfunga pingu.

Askari akaiokota simu iliyokuwa inalia, akaibonyeza. Upepo, mlio wa pikipiki, sauti ya mwanamke inayohema.

"Nimekusikia, kaka. Tunaingia hospitali. Bado anapumua, chupa ninayo. Mungu akulipe."

Fikiri akainama, akatapika kwenye buti za askari.