Kompyuta Isiyo na Feni

Ernestine alitaka kimya, na kimya kikamponza. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa na feni inayokoroma kama mlevi, na kila wimbo aliourekodi nyumbani kwake, mtaa wa Dilala, kwa ajili ya kwaya ya parokia, ulijaa mkoromo huo. Akaenda kwa Mulumba, muuza kompyuta. Mulumba akamwonyesha kubwa na ndogo, akasifu kasi na kumbukumbu, mwishowe akamchagulia nyembamba isiyo na feni kabisa.

"Mama, ya kurekodia sauti ni hii," alisema. "Ata kupumua haipumue."

Mchana ule umeme ulikuwapo na watoto wake wako shule. Akafunga madirisha, akaimba ubeti mmoja, akavaa hedifoni asikilize. Nyuma ya sauti yake mtu alikuwa anagonga mlango: mara tatu, kimya, mara mbili. Akafungua. Hapakuwa na mtu, ila harufu ya uji ulioungua, naye siku hiyo hakuwa amewasha makaa.

Akairudisha mashine, akamnong'oneza Mulumba kwamba ina jini. Mulumba alicheka, lakini akambadilishia. Ya pili nayo: tatu, kimya, mbili. Kikulacho ki nguoni mwako. Jini hakuwa ndani ya kompyuta. Alikuwa ndani ya nyumba, na feni ile mbovu ndiyo iliyokuwa ikimfunika.

Na Ernestine alikujua kugonga kule. Ilikuwa ishara yake na Ngalula, rafiki yake wa utotoni. Nyumba hii ilikuwa ya kina Ngalula, familia ya Kikasai, wahamiaji kutoka mkoa mwingine, hadi Wakasai walipofukuzwa na wenyeji mwaka 1993, na funguo akapewa baba yake Ernestine. Kina Ngalula walilala stesheni wiki baada ya wiki wakingoja treni ya kuwaondoa, wakipika uji nje kwenye baridi. Siku moja Ngalula alitoroka, akaja kugonga mlango uliokuwa wa kwao. Baba akaweka kidole mdomoni. Ernestine, mtoto wa miaka saba, akanyamaza. Ngalula alifia kulekule stesheni kwa kuhara, treni haijafika.

Akaitwa Mama Henriette, mwombezi. Akaomba kwa sauti huku kompyuta ikirekodi, na kadiri alivyoomba ndivyo kugonga kulivyotoka mlangoni kukaja ukutani, kukatoka ukutani kukaja mezani, harufu ya uji ikawakaba koo, mwali wa mshumaa ukalala ubavu bila upepo, hata Ernestine akahisi mkono mdogo, wa moto kwa homa, umeshika kitenge chake kama mtoto anavyoshika nguo ya mama yake sokoni.

"Toka mu ii nyumba," alisema Henriette. "Rudia kwenu."

Maneno yaleyale. Mwaka ule watu waliyaimba barabarani, mbele ya mlango huuhuu.

"Mama, acha," alinong'ona. "Huyu, kwabo ni hapa."

Henriette akaondoka akitikisa kichwa. Ernestine akaufungua mlango wazi, akapiga magoti.

"Ngalula, ni mi. Ingia. Unisamehe."

Mkono ukaachia kitenge. Alilia mpaka watoto waliporudi kutoka shule, ndipo akavaa hedifoni. Hakusikia kugonga tena. Kulikuwa na sauti ya mtoto, karibu kabisa na maikrofoni, haina hata chembe ya hasira.

"Ernestine, train ilisha kufika?"

Mlango ule haufungwi tena mchana. Ernestine anaimba, anarekodi, na mwisho wa kila wimbo swali lipo palepale.