Viatu Mlangoni pa Bibi

Zamani za vita virefu, wafalme wawili walipokuwa wakigombea kiti kimoja huko Ufaransa, kila mmoja akiapa kwamba alizaliwa amekikalia, palikuwa na shamba la mizabibu chini ya mji wa Vairoli. Lilikuwa dogo. Watu wa mjini waliliita Kiraka, na walidai kwamba mwenyewe akipiga chafya mwanzo wa shamba, zabibu za mwisho wake hulowa.

Mwenyewe, Mzee Odiloni, hakuwajibu. Chema chajiuza. Kila mwaka wafanyabiashara wenye nyumbu waliyapita mashamba ya wakubwa, wakateremka mpaka Kiraka, wakaonja divai yake nyekundu, wakanyamaza. Na mchuuzi akinyamaza, jua kapatikana.

Odiloni alikuwa na binti aliyeolewa mbali, na mwana mmoja, Kolasi. Kijana huyu alikuwa na mikono ya mkulima na ulimi wa kinyozi. Alitania makasisi, alitania nyumbu, na mazikoni ilibidi akalishwe nyuma. Mwaka ule alikuwa amemwoa Perina, binti wa msaga ngano wa bondeni, msichana ambaye hata siku ya harusi alikuwa na unga kwenye nyusi. Alimpenda kwa namna aliyoijua yeye: hakumwacha apumzike kwa utani.

Nyuma ya nyumba palikuwa na pango lililochimbwa ubavuni mwa kilima. Humo yalikaa mapipa makubwa yaliyo wazi juu, marefu kuliko mtu. Zabibu zikishakanyagwa humiminwa humo pamoja na maganda yake, na juisi ile huchemka bila moto. Hupovuka, hunong'ona, na hutoa pumzi nzito isiyoonekana, ambayo hulala sakafuni kama maji. Mtu akiivuta hasikii maumivu. Husinzia tu, na usingizi wenyewe hauna asubuhi.

Bibi yake Odiloni, aliyemzaa baba yake, aliingia humo siku moja kutafuta kata ya kuchotea, hakutoka. Tangu hapo pumzi ile haikutajwa kwa jina lingine. Waliiita Bibi. "Bibi yupo," maana yake usiingie. "Bibi katoka," maana yake matundu yamefunguliwa tangu alfajiri na upepo umepita. Na sheria ya nyumba ilikuwa hii: ingia na mshumaa, uushike chini ya goti. Ukizimika, usiulize. Toka.

Ila kulikuwa na sheria nyingine. Mke mgeni hakuambiwa Bibi ni nini mpaka azae, na mpaka siku hiyo hakutumwa pangoni peke yake. Siri ya divai ilihesabiwa kuwa siri ya damu.

Perina aliuliza kabla hajazaa. Ilikuwa majira ya baridi, mapipa matupu, pango salama kama kanisa.

"Bibi gani huyu mnayemtaja kila siku?"

"Mzaa babu yangu. Anakaa humu," Kolasi akasema, uso umekazwa kama wa hakimu. "Vua viatu. Hapendi kelele za mbao."

Perina akavua viatu vyake vya mbao, akavipanga mlangoni, ncha zikitazama nje.

"Piga hodi."

"Hodi, Bibi."

"Mara tatu, wewe! Huko kwenu kwenye ngano hamfundishwi adabu?"

"Kwetu bibi zetu wanakaa juani, kama watu," Perina akajibu. "Hodi, Bibi. Hodi. Huyu mjukuu wako ana wazimu."

Wakaingia. Katikati ya mapipa Kolasi akaupuliza mshumaa.

"Mbona umezimika?"

"Bibi akimpenda mtu humzimia mshumaa. Anatoa nafasi. Tulia hapo, usiondoke." Naye akambusu gizani, na kicheko cha Perina kikagonga kwenye mapipa matupu kama kengele.

Odiloni alikisikia. Jioni akamwita mwanawe kando. "Kolasi, mzaha mzaha hutumbua usaha."

"Basi mwambie ukweli, baba, niache mzaha."

"Siri ya pango haiambiwi tumbo ambalo halijabeba damu yetu. Ndivyo tulivyokuta."

Ukweli ni kwamba Kolasi angeweza kumwambia mkewe kwa siri, mtoni, kitandani, popote. Hakumwambia. Mzaha ulikuwa mtamu mno, na kila Perina alipopita mbele ya pango akinong'ona, "Shikamoo, Bibi," Kolasi alikaribia kuvunjika mbavu.

Majira ya mavuno yakafika. Zabibu zilikuwa zimekwisha kukanyagwa, mapipa yamejaa, yakinong'ona, habari zilipoletwa na watu waliokimbia na watoto migongoni: Kunguru anakuja.

Kunguru alikuwa jemadari wa askari wa kukodiwa. Wafalme walipopumzika kupigana, watu wake hawakupumzika. Walikula nchi iliyokuwa mbele yao, kijiji baada ya kijiji. Alivaa deraya iliyopakwa masizi, na manyoya meusi kwenye chapeo. Mji uliomfungulia malango uliungua polepole. Uliokataa uliungua haraka.

Wazee wa Vairoli wakamchagua Kolasi avuke vilima mpaka kwa Bwana wa Ngome Nyeupe, akaombe wapanda farasi. Waraka haukuandikwa. Ukikamatwa na waraka, unanyongwa nao shingoni. Odiloni alijaza divai kwenye kiriba cha ngozi ya mbuzi, akakifunga kwa mikono yake.

"Huu ndio muhuri wangu," akasema. "Ulimi wa bwana yule unanijua."

Watu walikuwa wakihama kuingia ndani ya kuta. Perina naye alikuwa apande mjini na mkwewe asubuhi ile ile. Alimsindikiza mumewe mpaka mwisho wa mizabibu, akamfunga joho shingoni, akakaza kupita kiasi.

"Unaninyonga wewe kabla ya Kunguru," Kolasi akasema.

"Ili ujue nyumbani kuna mtu." Kisha akauliza, "Na wakija kabla hatujapanda?"

Alikuwa anaogopa. Kolasi aliona, na yeye kwa hofu dawa alikuwa na moja tu. "Wakija, kimbilia kwa Bibi! Mvulie viatu, mpigie hodi, kaa umkumbatie. Bibi hapendi wageni. Hakuna askari wa kumweza."

Perina akacheka. Kolasi akaondoka na kicheko kile kama chakula cha njiani.

Alishika njia za mbuzi, akapita misitu ya mialoni, akalala kwenye shimo la mchoma makaa. Kwenye kivuko cha mto wakamtokea walinzi wa Kunguru, na mmoja akamwekea ncha ya mkuki kwenye kitovu.

"We! Wapi?"

"Kwa mama mkwe, mheshimiwa. Kama una huruma, niue sasa hivi."

Walinzi wakapasuka kwa kicheko. Wakampokonya kiriba, wakanywa mpaka kikanywea kama matiti ya mbuzi mzee, wakamrudishia na teke. Kolasi alipofika mbali akatazama muhuri wa baba yake: yamebaki mafunda machache. Akainama mtoni, akaujaza maji.

Bwana wa Ngome Nyeupe alikuwa mzee mnene mwenye kovu kutoka sikio mpaka kidevu. Alionja, akatema.

"Kijana, mimi nimekunywa divai ya Odiloni kabla wewe hujaota meno. Odiloni angekata mkono kuliko kutia maji. Nani kakutuma?"

"Odiloni, bwana wangu. Aliyeitia maji ni mto. Waliokunywa ni walinzi wa Kunguru, kwenye kivuko chako."

Mzee akaonja tena, taratibu, akafumba macho. "Chini ya maji haya yumo," akasema. "Odiloni yumo. Kwenye kivuko changu, eh?" Akapiga meza. "Tandikeni farasi!"

Walirudi kwa mbio, deraya zikilia, bendera nyeupe mbele, Kolasi akipanda farasi mrefu kuliko haki yake na akishikilia manyoya ya shingo kwa mikono miwili. Alikuwa akitunga njiani namna atakavyomsimulia Perina: kitovu, teke, mto. Angecheka mpaka unga ungemdondoka.

Waliwakuta maadui chini ya mji. Lakini jambo lilikuwa si la kawaida: jeshi lile lililosifika kwa ukali lilikuwa kama kuku aliyekatwa kichwa. Hawa wanapakia mizigo, hawa wanagombana, na hapakuwa na manyoya meusi popote. Farasi walipowaingia wakavunjika safu. Lango la Vairoli likafunguka, watu wakatoka na miundu ya kukatia zabibu, kasisi akiwa na upinde. Kabla jua halijapanda sana mambo yalikuwa yamekwisha, na kengele zilikuwa zinapigwa.

Kolasi alikuwa anacheka, ana damu shavuni isiyo yake, alipomsikia mateka mmoja akimjibu Bwana wa Ngome Nyeupe.

"Jemadari wako yuko wapi?"

"Kafa jana. Ni uchawi, bwana. Tuliingia kwenye nyumba ya divai, hapo chini ya mizabibu. Nyumba ilikuwa tupu. Lakini kwenye mlango wa pango palikuwa na viatu vya mwanamke, vya mbao, vimepangwa. Jemadari akasema, penye viatu pana mtu, na penye pango pana divai. Akaingia na wenzake. Hawakutoka. Waliowafuata nao hawakutoka. Sisi wengine tukakimbia."

Kolasi aliangusha mkuki. Watu walimwona akikimbia kupita katikati ya mizabibu, akiivunja, yeye aliyefundishwa kutembea humo kwa adabu ya mezani pa mfalme.

Odiloni alikuwa amemtangulia. Siku ile ya kuhama alipanda mjini mbele na nyumbu na mapipa ya mwaka wa nyuma. Perina alibaki nyuma kidogo kufunga nyumba, akasema, "Nakuja, baba." Kunguru akafika katikati ya sentensi ile. Mzee alikaa siku zote mji ulipozingirwa juu ya ukuta, akilitazama paa la nyumba yake.

Viatu vilikuwa vimepangwa mlangoni. Ncha zilitazama nje.

Kolasi akawasha mshumaa, akaushusha chini ya goti, akavuka kizingiti. Ukazimika. Akasonga mbele hivyo hivyo, na baba yake akamdaka kiunoni.

"Bibi yupo! Mwanangu, Bibi yupo!"

"Niache, baba."

"Nimebakiza wewe tu hapa!"

Wakavunja mlango kutoka kwenye bawaba, wakazibua matundu ya juu kwa mitaimbo. Kisha wakangoja upepo, kwani hakuna upanga wala farasi wa kuharakisha upepo. Kolasi alikaa kando ya viatu vile mpaka jua likageuka. Mjini watu walikuwa wanaimba.

"Siri yangu imemla," Odiloni akasema.

"Si siri, baba."

Akaokota kiatu kimoja, akakirudisha ncha ikitazama nje.

Mshumaa ulipokubali kuwaka sakafuni, wakaingia. Kunguru alikuwa amepanda ngazi ya pipa la kwanza, akaangukia ndani kifudifudi, manyoya yake yakielea juu ya maganda mekundu, na watu wake wamelala kumzunguka kama walevi wa ngomani. Kolasi aliwaruka. Perina alikuwa nyuma ya pipa la mwisho, ameketi akiegemea ukuta, peku, aproni imekunjwa vizuri magotini. Mkononi alikuwa na mshumaa ambao haukuungua hata robo.

Ulikuwa umezimika, naye akatulia. Hakuondoka. Alikuwa amefumba macho, na kidevu kimeinuliwa kidogo. Kolasi aliujua mkao ule.

Historia ina mikono miwili, mmoja wa kuhifadhi na mmoja wa kufuta, na hufanya kazi yote miwili. Kwenye lango la Vairoli walichonga kunguru akitumbukia kichwa chini ndani ya pipa. Kasisi alihubiri kwamba Mungu aliupigania mji kwa divai. Bwana wa Ngome Nyeupe alitaka kuinunua divai ya mwaka ule yote, kwa heshima. Odiloni na mwanawe wakaibeba kwa ndoo, pipa kwa pipa, wakaimwaga mashinani pa mizabibu, mawe ya Kiraka yakawa mekundu. Kuna watu wa mjini waliolia siku ile ambao mazikoni hawakutoa chozi.

Perina hakuchongwa popote.

Kolasi hakuoa tena, na hakutania tena, hata nyumbu. Watoto waliokua baadaye walimjua kama mzee mkavu, na waliposimuliwa kwamba aliwahi kuchekesha walinzi mtoni, waliona ndiyo utani wenyewe. Shamba alimrithisha mpwa wake. Na mpwa alipoleta mke, msichana aitwaye Avelina, mzee hakumruhusu avuke kizingiti cha nyumba kabla hajampeleka pangoni. Ilikuwa siku za mavuno, na mapipa yalikuwa yakinong'ona.

Avelina akataka kuvua viatu, kwa adabu ya mgeni.

"Usivue," Kolasi akasema. "Humu mtu huingia amevaa, tayari kukimbia. Ndani kuna hewa inayoua. Haina harufu, haina maumivu. Mshumaa ukizimika, toka. Usimngoje mtu, usimsikilize mtu, hata mumeo akikuambia nini. Toka."

Msichana akamtazama mumewe, akamtazama mzee, akaangua kicheko. "Mjomba nanyi! Mnanitania kwa kuwa mgeni."

Kolasi akauinamisha mshumaa chini ya goti. Mwale ukainama, ukawa wa buluu, ukafa bila kupulizwa na mtu.

Avelina akaacha kucheka. Akarudi nyuma mpaka juani. Baadaye kidogo akauliza, kwa sauti ndogo, "Kuna aliyefia humu?"

Katika nyumba ile, mpaka siku hiyo, jibu la swali hilo lilikuwa Bibi.

"Perina," mzee akasema. "Rudia, nikusikie."

"Perina."

"Tena."