Bastola Mpya ya Mihayo na Maombi Yake

Wazazi, walezi, wajumbe wa kamati mbalimbali, na ninyi mnaopenda viti vya mbele kwenye kila sherehe: itifaki imezingatiwa. Kaeni, msikie habari ya nyumba moja ya Nyakato iliyokuwa na amani mpaka mwenye nyumba alipoinunulia ulinzi.

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Rose alikuwa jikoni akigeuza samaki aina ya sato kwenye mafuta. Binti yake Gladness, wa darasa la sita, alikuwa sebuleni kwenye meza ya kioo, akipambana na hesabu za desimali. Redio ilikuwa ikiongea peke yake na hakuna aliyeisikiliza.

Ndipo akaingia Mihayo, mume wa Rose. Mihayo alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga kule Misungwi, na kwa kuwa alisafiri na fedha za mauzo, aliomba kibali cha kumiliki silaha. Akakipata baada ya mwaka mzima wa kwenda na kurudi. Bastola yenyewe ilikuwa na wiki mbili tu nyumbani, na katika wiki hizo ilikuwa imeonyeshwa kwa watu wengi kuliko mtoto mchanga. Akija mgeni, Mihayo aliitoa kiunoni, akailaza mezani karibu na bakuli la mboga, halafu akanawa mikono na kuomba chakula kibarikiwe. Wageni walikula huku wakitazamana na mtutu. Wakimaliza walisema, "Hongera sana." Ndivyo tulivyo. Mtu akituwekea kinyesi mezani, mradi kina risiti ya dukani, tutamwuliza amekinunua wapi.

Siku hiyo hapakuwa na mgeni, lakini Mihayo alikwishazoea. Akaiweka bastola juu ya meza. Hakuitupa, aliiweka kama mtu anavyoweka kikombe cha chai. Ikalia.

Rose alifika sebuleni na mwiko mkononi. Gladness alikuwa ameketi vilevile, kalamu imesimama juu ya daftari, nywele za upande wa kushoto zimejaa vumbi la kioo. Risasi ilikuwa imemega ukingo wa meza, ikapita karibu na sikio lake, ikaenda kutoboa mlango wa friji.

"Umeshika wapi?" Rose aliuliza.

"Sijashika popote. Njoo uone mwenyewe. Loki iko juu."

Rose akaangalia. Kweli, kile kidude cha kufungia bastola isilie kilikuwa mahali pake, kimefungwa sawasawa.

"Basi ni mbovu."

"Itakuwaje mbovu, Mama Gladness? Mpya hii. Risiti si unayo humo kabatini?"

Gladness akafunga daftari. "Baba, naweza kwenda kufanyia hesabu kwa kina Princess?"

Mihayo alimpigia simu Chenge, kijana aliyemuuzia bastola katika duka moja la silaha mjini. Akaweka sauti ya juu ili mkewe asikie.

"Kiatu kipya si kinabana, mzee wangu?" Chenge alisema. "Na hiyo italegea yenyewe. Itie mafuta kidogo."

Mihayo akaridhika. Jioni ile akatundika kalenda kwenye mlango wa friji, juu ya tundu, na jirani alipouliza kuhusu ule mlio, aliambiwa mtungi wa gesi umepiga chafya.

Rose hakuridhika. Jumatatu alipanda daladala kwenda mjini, akamkuta Chenge dukani amevaa tai, anatafuna bigijii.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ni mke wa Mihayo wa Nyakato. Ile bastola imejifyatua ikiwa imefungwa."

"Ah, hilo." Chenge alitabasamu kama mtu anayeulizwa kuhusu mvua. "Hata mzee mmoja wa Nyegezi alirudisha ya kwake, analalamika hivyohivyo. Nikambadilishia, tukaachana vizuri."

"Na ile aliyorudisha iko wapi?"

Chenge akaonyesha kwa kidevu. Ilikuwa kwenye kabati la kioo, imefutwa, imelazwa kwenye kitambaa chekundu, na kibandiko cha bei pembeni yake.

"Umeirudisha kuiuza?"

"Mama, ni mpya ile. Imelia mara moja tu."

"Polisi umewaambia?"

"Nikiwaambia watazuia mzigo wote, na ndiyo kwanza umefika." Akageuka kumkaribisha mteja aliyekuwa akiingia. "Karibu, bosi. Tuna kitu kizuri sana hapa."

Rose alitoka nje. Alijisikia kama mtu aliyekuta unywele kwenye chakula alichokwisha kumeza.

Usiku huohuo, mtoto alipolala, alimweleza mumewe yote. "Tuipeleke polisi kesho," alimaliza.

"Wakiichukua ndiyo basi tena. Watu wataniuliza iko wapi. Niwaambie nini?"

"Waambie ilitaka kumuua mtoto."

"Usiniaibishe, Mama Gladness. Nimesubiri mwaka mzima."

Rose akanyamaza. Ndugu zangu, hapa msiparuke haraka. Alinyamaza Jumanne, akanyamaza Jumatano, na kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi.

Kanisani kwao kulikuwa na desturi. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, aliyepata kitu kipya alikileta mbele kiombewe: funguo za pikipiki, cherehani, barua ya ajira, hata simu yenye karatasi yake ya kiwandani. Ni desturi nzuri na haijawahi kumdhuru mtu. Mihayo akafikiri, akafikia uamuzi wa kitaalamu: bastola haina ubovu wowote, ila kuna mtu ameitazama kwa jicho baya. Itaombewa, itatulia.

"Basi itoe risasi kwanza," Rose alisema asubuhi ya Jumapili.

"Ukipeleka gari kuombewa, unaacha injini nyumbani?"

Ngosha, mdogo wake Mihayo aliyekuwa akiendesha ile mashine ya Misungwi, aliitwa aje kusimama na familia. Alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakakamaa. Alipoambiwa wanachokwenda kuombea, alicheka.

"Kaka, mwaka kesho tulete mashine ya mpunga. Wazee wa kanisa waibebe mabegani."

"Wewe simama wima tu, upigwe picha."

Rose alimtazama shemeji yake akicheka. Hakumwambia kitu.

Zamu yao ilipofika, walipanda mbele wote wanne. Bastola ilikuwa kwenye sinia la chuma, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mchungaji Nathaniel alifunua, akasita.

"Hii iko salama, ndugu yangu?"

"Imefungwa, Mchungaji."

Rose alikuwa hatua mbili tu nyuma yao. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa: si salama, imekwishalia. Akaona kwaya inamtazama, akaona akina mama wenzake wa umoja wa wanawake wamenyoosha shingo. Akayameza. Alichofanya ni kumvuta Gladness kwa mkono, akamweka nyuma ya mgongo wake.

Mchungaji akapaka mafuta kwenye mpini, akaomba, akasema amina, akalirudisha sinia kwenye meza fupi ya sadaka. Sinia likagonga mbao. Ikalia.

Ngosha alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka kusimama. Alitazama goti lake la kulia, akalishika kwa mikono miwili, lakini palikuwa hapashikiki.

Nyuma kabisa kuna mtu alidhani pepo limetoka, akapiga makofi. Wengine wakamfuata. Damu ilikuwa ikitiririka kwenye sakafu na wao walikuwa wakishangilia, mpaka kelele za Ngosha zilipowazidi. Na mwenye bastola, neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani ameigonga?" Hakuuliza ndugu yake ameumia wapi. Alitafuta wa kumbebesha.

Polisi waliichukua bastola. Waliitoa risasi, wakaifunga, wakaigongesha kwenye meza mara kumi. Mara nne ilijifyatua ikiwa tupu hivyohivyo. Wakaenda dukani kwa Chenge, wakakuta kile kitambaa chekundu hakina kitu. Ile ya mzee wa Nyegezi ilikuwa imeuzwa tena, na mnunuzi alikuwa analala nayo chini ya mto. Chenge aliondoka na pingu na tai yake. Mihayo alinyang'anywa kibali, naye akatakiwa kuripoti kituoni kila wiki wakati shauri lake likiendelea.

Hospitalini waliukata mguu wa Ngosha juu ya goti.

Siku ya tatu Rose alimpelekea uji. Ngosha alikuwa macho.

"Shemeji, kaka anasema ilikuwa mara ya kwanza. Anasema hakuna aliyejua."

Rose akaiweka chupa ya uji chini. "Ilikuwa mara ya pili. Ya kwanza ilipita sikioni kwa Gladness."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua. Nilifika mpaka dukani."

"Ulimvuta mtoto nyuma yako," Ngosha alisema. "Nilikuona. Nikadhani unampanga kwa ajili ya picha."

Ngosha akaomba avutiwe shuka lifunike pale mguu ulipoishia, akageukia ukutani.

Mihayo alikuwa akingoja kwenye korido. "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia ilivyokuwa. Kesho nakwenda kuandikisha maelezo polisi."

"Utanifungisha, Mama Gladness."

"Labda. Na mimi nitaulizwa."

MAFUNZO

Silaha ikijifyatua ikiwa imefungwa, ni mbovu, hata kama ilinunuliwa jana. Usiiguseguse, usiifanyie majaribio sebuleni, usisubiri izoee. Toa taarifa polisi siku hiyohiyo, waje wanaojua kuishughulikia. Muuzaji anayefuta kitu kibovu na kukirudisha kabatini anauza msiba, na anayemfahamu akanyamaza anamshikia mlango. Maombi ni mema, lakini Mungu hajawahi kumkataza mtu kwenda kwa fundi.

Na wewe unayejua hatari ukamkinga wako peke yake, usijidanganye kwamba umefanya jambo. Waliosimama karibu nawe pia wana mama zao. Mihayo angeikabidhi ile bastola mapema, angechekwa wiki moja, basi. Ngosha ana miaka thelathini na moja, na mguu mmoja.