Moyo Uliobaki Kwenye Mfumo wa Zamani

Kitanda kilikuwa kitupu. Nyaya zote za kupimia moyo zilining'inia kwenye msumari wake ukutani, zimekunjwa vizuri kama Sista alivyoziacha jana yake, na chumbani hamkuwa na binadamu mwingine zaidi yake yeye na ndoo yake ya deki. Hata hivyo kompyuta ilikuwa inachora moyo.

Sista alisimama na tambara mkononi. Mstari wa kijani ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, midundo midogo inayofuatana karibu karibu kama mshono wa nguo. Kwanza akajiambia ni hitilafu tu, maana kompyuta ile mpakato ilikuwa kongwe na ilikuwa na vituko vyake: kuwaka kwake dakika nane, na feni yake ilikoroma kama mgeni aliyeshiba. Kisha pua ikanasa harufu. Haikuwa sabuni ya sakafu wala spiriti. Ilikuwa harufu ya mafuta ya cherehani.

Akafunga kifuniko cha kompyuta, akatoka, deki ikabaki nusu.

Ni nani aliyekuwa akinukia mafuta ya cherehani katika kliniki ile, Sista alijua vizuri, na ndiyo maana hakurudi kumalizia deki. Siku kumi na moja kabla ya asubuhi hiyo, mshonaji mmoja aliyeitwa na mtaa mzima Mama Vifungo aliingia kwa miguu yake mwenyewe, saa mbili kasoro robo, mkono kifuani. Alikuwa anatania bado. "Sista, huku ndani kuna mtu anashona bila kipimo," alisema. Sista akamlaza, akambandika nyaya, na mstari ulipotokea akaona mara moja kwamba moyo ule unaomba msaada. Akampigia Daktari.

Daktari alikuwa gereji, anasimamia gari lake linavyopakwa rangi, kwa sababu mafundi, alisema, usipowasimamia wanakupaka mikwaruzo. "Niko njiani," akajibu. Saa tatu akasema yuko njiani. Saa nne na nusu akasema yuko njiani, na Sista akasikia simuni, nyuma ya sauti yake, mtu anauliza kama rangi ya pili iwekwe sasa au baada ya chakula. Saa tano na nusu Mama Vifungo alikata roho, ameushika mkono wa Sista. Daktari alifika saa saba.

"Andika kwenye daftari kwamba mashine ilikuwa mbovu tangu jana," alimwambia. "Mashine ikiwa mbovu, kosa si lako wala si langu."

Sista akaandika. Alikuwa na miaka tisa katika kliniki ile, na katika miaka hiyo mkono wake ulizoea kuandika anachosema Daktari kabla kichwa hakijauliza. Lakini kompyuta haikuzoea hivyo. Yenyewe ilihifadhi moyo wote wa Mama Vifungo, tangu saa mbili kasoro robo hadi mstari uliponyooka, dakika kwa dakika. Ndugu zake walilalamika, na wajumbe watatu wa uchunguzi walisema watakuja Alhamisi.

Jumatatu ile ile ya harufu, Daktari aliita fundi wa kompyuta. Fundi huyu aliitwa Kebo, kwa kuwa hakuonekana kamwe bila waya mmoja au mbili shingoni. Akaketi mbele ya ile kompyuta, akaibonyeza bonyeza, akaguna.

"Daktari, nikwambie ukweli. Mfumo huu wa zamani unaoendesha kompyuta, walioutengeneza wenyewe wameshautupa. Hauletewi tena marekebisho, virusi wanaingia na kutoka kama kwao. Lakini programu ya mashine yako ya moyo inaujua huu tu. Mfumo mpya ni mwepesi, una ulinzi, ila itabidi mtafute programu nyingine, na rekodi za zamani hazitafunguka."

"Hazitafunguka kabisa?"

"Kabisa."

"Basi weka mpya," Daktari alisema, upesi mno. "Wa zamani futa." Akachukua funguo za gari lake linalong'aa, akaondoka.

Sasa, Kebo alikuwa na desturi moja. Hakuwahi kufuta mfumo wa zamani siku ile ile anayoweka mpya, hata mteja aape vipi. Aliwajua watu: siku ya kwanza wanashangilia mpya, siku ya tatu wanampigia simu wanalia kwamba picha za harusi hawazioni. Kwa hiyo aliiweka mifumo yote miwili ubavu kwa ubavu katika kompyuta moja, na baada ya wiki ndipo aliporudi kufuta. Hakuona sababu ya kumsumbua Daktari na hilo. Alimwambia Sista.

"Ukiwasha, itakuuliza: wa zamani au mpya. Una sekunde kumi. Usipogusa kitu, itaingia kwenye mpya yenyewe. Umenielewa, dada?"

Sista alielewa. Hakujua bado kama amefurahi au ameogopa.

Jumanne asubuhi aliiwasha peke yake. Maandishi mawili yakatokea, wa zamani juu, mpya chini, na tarakimu zikaanza kurudi nyuma. Kumi. Tisa. Nane. Mkanda mweupe wa kuonyesha chaguo ulikuwa umekaa juu ya mfumo mpya kama Kebo alivyoupanga. Sista aliweka mikono yote miwili mapajani. Ilipofika nne, mkanda ukapanda wenyewe hadi kwenye mfumo wa zamani, ukatulia hapo.

Safari hii haikuchukua dakika nane. Mstari ulitokea papo hapo, na pamoja na mstari ikaja sauti, taka-taka-taka-taka, mguu unaokanyaga pedali ya cherehani, kwanza mbali kana kwamba ni nyumba ya pili, halafu ukutani, halafu chini ya kitanda, na harufu ya mafuta ikazidi hadi Sista akaionja ulimini, na alipotaka kusimama akahisi kitu kama uzi mwembamba sana kikipita juu ya kifua chake, taratibu, kutoka ubavu hadi ubavu, kama mtu anayepima nguo atakayoikata, na uzi huo ukasimama kidogo pale pale juu ya moyo wake, ukafikiri, kisha ukalegea.

Alitoka mbio, akagongana mlangoni na mwanamke mtu mzima aliyeshika pochi kwa mikono miwili.

"Pole, mwanangu," mwanamke alisema. "Mimi ni shangazi yake Mama Vifungo. Nimekuja kuomba karatasi ya moyo wake." Kisha akavuta pumzi kwa pua, mara moja, mara ya pili. Uso ukabadilika. "Kumbe yuko hapa!"

"Nani, mama?"

Shangazi alimvuta kwenye benchi la wagonjwa. Akaongea chinichini, kwa sauti ya mtu aliyezoea mambo haya, na kweli alikuwa amezoea, kwani kazi yake kwa miaka arobaini ilikuwa kuwatuliza watu wenye majini.

"Huyu mtoto alikuwa na jini. Alimrithi kwa bibi yake. Jini huyo hakuwa mbaya, hata kushona ni yeye aliyemfundisha. Alikaa moyoni mwake kama mtu akaavyo kwenye kiti chake, ndiyo maana mwenye jini tunamwita kiti. Moyo ulipozimika, yeye hakuwa na pa kwenda. Ameng'ang'ania mahali pa mwisho moyo ule ulipoandikwa."

"Kwenye kompyuta?" Sista alinong'ona.

"Mimi sijui kompyuta. Wewe ndiye unayejua umeandikwa wapi. Ninachojua ni kwamba ana hasira ambayo sijawahi kuinusa, na maandishi yale ndiyo yaliyomfunga. Mkiyafuta, atatafuta moyo mwingine, na atauchukua ulio karibu zaidi na mkono uliofuta."

Sista akajishika kifua. Machozi yakamtoka hapo hapo, akamweleza yote: gereji, saa tano na nusu, daftari. Shangazi alisikiliza bila kupepesa. Alipomaliza, mwanamke yule hakumfariji wala hakumtukana, na hilo lilimuuma Sista kuliko kofi.

"Alhamisi waonyeshe," alisema tu. Akaondoka.

Siku mbili hizo Sista hakula vizuri. Usingesema ni mtu mwovu. Alikuwa mwoga, na woga wake ulikuwa na sare nyeupe na miaka tisa ya kazi. Akiwaonyesha wajumbe moyo ule, mwandiko wake daftarini ungemtia hatiani yeye kabla ya Daktari. Akinyamaza, Kebo angekuja wiki ijayo, angefuta, na hakuna ambaye angejua kamwe kwamba Mama Vifungo alikuwa bado anaokoleka. Zaidi ya yote aliukumbuka ule uzi.

Alhamisi Daktari alifika mapema, jambo ambalo peke yake lilikuwa la kuogofya. Wajumbe walitarajiwa saa tatu. Akataka kuiona kompyuta kwa macho yake, safi, haina kitu. Akaiwasha. Maandishi mawili yakatokea.

"Hii nini?" Akasoma. Mshipa ukamsimama shingoni. "Nilisema afute!"

"Daktari, usifute," Sista alisema. "Nakusihi. Kuna kitu mle ndani. Shangazi yake marehemu amesema ni jini."

Daktari akacheka, kicheko kifupi kisicho na raha. "Jini! Na huyo jini amekubali mfumo gani, wa zamani au mpya? Maana siku hizi hata wao wasije wakaachwa nyuma." Akampigia Kebo simu, akamfokea, akamlazimisha amwelekeze hatua moja moja, hadi kwenye kioo kukabaki swali moja tu: Una hakika unataka kufuta mfumo wa zamani na vyote vilivyomo?

Hapo akakata simu, akasogeza kiti pembeni, akamtazama Sista.

"Haya. Bonyeza."

Sista akaelewa. Hata leo, hata hili, lilitakiwa liwe na alama ya kidole chake. Alipofikiria hivyo, kitu kilichokuwa kimelala ndani yake miaka tisa kikaamka, na hakikuwa woga. Kilikuwa hasira, safi na ya moto. Akaingiza mikono yote miwili mifukoni, akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi mgongo ukagusa mlango.

"Nimeshakwambia kilichomo," alisema. "Ukitaka kifutwe, bonyeza mwenyewe."

"Umesahau nani anakulipa?"

"Sijasahau. Bonyeza mwenyewe."

Daktari akabonyeza.

Asilimia zikapanda. Kumi, thelathini, sabini, mia. Mfumo mpya ukafunguka, kioo cha bluu kisicho na kitu, kimya kabisa, hata feni ilikuwa haikoromi. Harufu ya mafuta ikaondoka ghafla. Daktari akanyoosha miguu, akatabasamu. "Umeona? Mfumo mpya huo. Mwepesi."

Tabasamu likamganda. Akashika kifua, si kama mtu anayeumwa, bali kama mtu aliyesikia mlango wake ukifunguliwa na mgeni mwenye ufunguo, na Sista akiwa kule mlangoni alisikia naye, taka-taka-taka, sauti haitoki kwenye kompyuta wala ukutani wala chini ya kitanda, inatoka ndani ya shati la Daktari, nyuma ya tai, inakanyaga taratibu kisha haraka kisha haraka zaidi, na kitambaa cha shati kikawa kinatetemeka kwa kila mdundo, na macho yake yakamtazama Sista yakiomba, hadi hodi ilipopigwa, Sista akasogea pembeni, na wajumbe watatu wakaingia na mafaili yao wakisema habari za asubuhi.

Daktari alifungua kinywa awakaribishe. Ikatoka sauti ya mwanamke.

"Kiti changu kilifika hapa saa mbili kasoro robo," sauti ilisema. "Kilikuwa hai. Huyu alikuwa gereji. Aliitwa saa mbili, akaitwa saa tatu, akaitwa saa nne na nusu. Mashine ilikuwa nzima. Kiti changu kilizimika saa tano na nusu." Kichwa cha Daktari kikamgeukia Sista kidogo kidogo, shingo ikilia. "Na huyu akaandika uongo kwa mkono wake."

Mjumbe mmoja aliangusha kalamu. Sista akawasogelea wajumbe. "Ni kweli," alisema. "Yote ni kweli. Leteni karatasi nitie sahihi."

Alipoteza kazi, kama alivyojua. Daktari alipoteza kliniki, gari na usingizi. Kila daktari mwenzake aliyemwekea kipimo kifuani alikitoa masikioni haraka, akamwambia moyo wake ni mzima kabisa, mzima ajabu, na kwamba asirudi tena.

Mwezi wa pili baada ya hapo mke wake alimshika mkono akampeleka kwa Shangazi. Sista alikuwepo, siku hizo alikwenda kumsaidia kazi za nyumba, bila kuombwa na bila kulipwa. Daktari alikuwa amebaki mifupa. Akapiga magoti sakafuni.

"Mtoe, mama. Nakuomba kwa jina la Mungu. Hanipi nafasi, anashona usiku na mchana."

Shangazi akainama, akaweka sikio kwenye kifua chake. Akasikiliza kwa muda mrefu. Alipoinua uso, macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Ni mkanyago wake kabisa," alisema. "Alivyokuwa akifanya mwanangu."

"Unaweza kumtoa?" mke aliuliza.

"Naweza. Nimewatoa wakali kuliko huyu, kwa asubuhi moja." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Lakini sitaki."

Daktari akalia kwa sauti. Shangazi alimwacha alie hadi akachoka, kisha akamwinua kwa upole, akamkung'uta magoti kama mtu anayemwandaa mtoto kwa safari.

"Usiogope, hatakuua. Nimemuuliza," alimwambia. "Amesema moyo wako ni imara, na atautunza vizuri. Utaishi miaka mingi sana."

Akawasindikiza hadi nje, akarudi ndani, akamwomba Sista afunge mlango.